Mabomba ya sindano ya Afrika Mashariki: gesi kiwandani, moshi kwenye kituo cha afya

Tarehe 28 Oktoba 2021, Mkurugenzi wa Shirika la Afya Duniani WHO kanda ya Afrika, Matshidiso Moeti, alitoa tahadhari ambayo wengi hawakuitarajia. Kwa miezi mingi bara hili lilikuwa likilalamikia ukosefu wa chanjo za UVIKO-19. Sasa chanjo zilikuwa njiani, alisema, lakini uhaba wa mabomba ya sindano ungeweza kuikwamisha kazi yote. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto UNICEF lilikuwa limekadiria kwamba katika mwaka 2022 dunia ingepungukiwa na mabomba yapatayo bilioni 2.2 ya aina inayojifunga yenyewe baada ya kutumika. Kenya, Rwanda na Afrika Kusini zilikuwa tayari zimecheleweshewa shehena zao. Mwezi huohuo India, mmoja wa wazalishaji wakubwa wa bidhaa hiyo, iliweka vizuizi vya kuisafirisha nje.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tangu msukosuko huo, neno "kujitegemea" limekuwa likirudiwa katika kila mkutano wa mawaziri wa afya wa ukanda huu. Umoja wa Afrika umejiwekea lengo la bara kuzalisha asilimia 60 ya chanjo zake ifikapo mwaka 2040. Katika kaunti ya Kilifi, pwani ya Kenya, kampuni ya Revital Healthcare inatengeneza mabomba ya sindano yanayojifunga yenyewe, ambayo WHO imeyathibitisha kuwa yanafaa kununuliwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa. Nchini Tanzania, Bohari ya Dawa imejenga kiwanda cha glavu za hospitali huko Idofi, mkoani Njombe. Serikali nyingine za Afrika Mashariki nazo zinawakaribisha wawekezaji wa vifaa tiba kwa misamaha ya kodi na ardhi.

Hakuna mwenye akili timamu atakayezilaumu nchi hizi kwa kutaka kutengeneza sindano zao. Hata hivyo, kila bomba la sindano linaacha alama mbili katika mazingira. Ya kwanza inaachwa kiwandani kabla bomba halijamfikia mgonjwa, na ya pili inaachwa nyuma ya kituo cha afya baada ya mgonjwa kwenda zake. Alama ya kwanza ni gesi, na ya pili ni moshi. Mijadala ya ukanda huu kuhusu viwanda vya vifaa tiba imezungumza sana juu ya ajira na fedha za kigeni, na kidogo mno juu ya vitu hivyo viwili.

Usalama ulionunuliwa kwa plastiki

Ili kuuelewa ugumu wa suala hili, inafaa kukumbuka kwa nini bomba la sindano hutupwa baada ya kutumika mara moja. Hadi miaka ya 1980 hospitali nyingi zilitumia mabomba ya kioo yaliyochemshwa na kurudiwa. Yalipokuja ya plastiki, ambayo hayakukusudiwa kurudiwa, vituo vingi vyenye uhaba viliendelea kuyarudia hivyo hivyo. Madhara yake yalikuwa makubwa kuliko watu walivyodhani. Makadirio yaliyochapishwa na wataalamu wa WHO kwa mwaka 2000 pekee yalionyesha kwamba sindano zisizo salama zilisababisha maambukizi mapya milioni 21 ya homa ya ini aina ya B, milioni 2 ya aina ya C, na 260,000 ya virusi vya UKIMWI.

Kutokana na hali hiyo, mwaka 1999 WHO, UNICEF na Shirika la Idadi ya Watu la Umoja wa Mataifa UNFPA zilitoa tamko la pamoja: hadi mwisho wa mwaka 2003, chanjo zote zitolewe kwa mabomba yanayojifunga yenyewe tu. Bomba la aina hii lina kizuizi kidogo ndani yake. Muuguzi akishausukuma mchi hadi mwisho, hauwezi kuvutwa tena. Kwa maneno mengine, limeundwa makusudi ili liwe taka mara tu linapomaliza kazi yake.

Hapo ndipo mashabiki wa mazingira wanaozoea kusema "punguza, tumia tena, rejeleza" wanapokwama, kwa sababu hakuna mtu anayetaka kurudi kwenye sufuria ya kuchemshia sindano. Plastiki hii inaokoa maisha, na hilo ni kweli kwa maana halisi kabisa. Ndiyo maana sheria za kupiga marufuku mifuko ya plastiki, ambazo Rwanda ilianza nazo mwaka 2008, Kenya ikafuata mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019, zimeiacha sekta ya afya pembeni. Kanuni za Tanzania zinataja waziwazi vifungashio vya huduma za afya miongoni mwa vitu vilivyosamehewa. Msamaha huo una sababu nzuri. Kasoro yake ni kwamba uliishia hapo: plastiki ya hospitali ilitolewa katika sheria moja bila kuingizwa katika nyingine yenye meno.

Katika jambo moja, kutengeneza bidhaa hii Afrika Mashariki kuna faida ya wazi kwa hali ya hewa. Umeme wa Kenya kwa kiasi cha takriban asilimia 90 hutokana na vyanzo jadidifu, na mvuke wa jotoardhi wa Olkaria, katika Bonde la Ufa, ndio unaotoa sehemu kubwa zaidi. Mashine za kuyeyusha na kufinyanga plastiki hula umeme mwingi. Bomba lililofinyangwa kwa umeme wa Olkaria lina kaboni kidogo kuliko lililofinyangwa kwa umeme wa makaa ya mawe huko Asia kisha likavushwa Bahari ya Hindi. Si hesabu ndogo hiyo, kwani utafiti wa shirika la Health Care Without Harm uliotolewa mwaka 2019 ulionyesha kuwa sekta ya afya huchangia asilimia 4.4 ya hewa chafuzi duniani, na kwamba asilimia 71 ya mchango huo inatoka katika mnyororo wa ugavi, yaani utengenezaji na usafirishaji wa dawa, vifaa na chakula cha hospitali. Chembechembe za plastiki zenyewe, ni kweli, bado zinaagizwa kutoka nje, nazo ni zao la mafuta ya petroli na gesi asilia.

Gesi inayoua vijidudu, na isiyochagua

Bomba likishaunganishwa na kufungwa katika pakiti yake, bado halijawa tayari kutumika. Lazima vijidudu vyote vilivyomo viuawe bila kuifungua pakiti. Mvuke wa moto unaotumika kutakasa mikasi na visu vya upasuaji ungeikunja plastiki na kuharibu vifungashio. Kwa hiyo mabomba mengi ya sindano duniani, pamoja na mipira ya kupitishia mkojo, mirija ya kupumulia na seti za dripu, hutakaswa kwa gesi iitwayo ethilini oksaidi.

Maroboto ya bidhaa huingizwa katika chumba cha chuma kinachofungwa, hewa ikaondolewa, unyevu ukaongezwa, kisha gesi ikaachwa ipenye kwenye karatasi na plastiki kwa saa kadhaa katika joto la wastani. Ethilini oksaidi hushikamana na vinasaba vya kijidudu na kuviharibu, hata kisiweze kuzaliana tena. Ni kazi safi, ya bei nafuu, na inayoweza kutakasa shehena nzima kwa mkupuo mmoja. Nchini Marekani karibu nusu ya vifaa tiba vyote vinavyohitaji kutakaswa hupitia gesi hii. Ni vifaa zaidi ya bilioni 20 kwa mwaka.

Tatizo ni kwamba vinasaba vya binadamu havina tofauti kubwa na vya kijidudu mbele ya gesi hiyo. Wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani IARC, ulio chini ya WHO, uliiweka ethilini oksaidi katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu tangu mwaka 1994. Saratani zinazotajwa zaidi ni za damu, za tezi na ya matiti kwa wanawake. Mbaya zaidi, pua haiwezi kumwonya mtu. Harufu ya gesi hii haisikiki mpaka iwe imefikia mamia ya sehemu kwa kila sehemu milioni za hewa, ilhali kiwango cha juu kinachoruhusiwa kwa mfanyakazi wa Marekani, kilichowekwa mwaka 1984, ni sehemu 1 tu kwa milioni kama wastani wa saa nane. Mtu anaweza kufanya kazi au kuishi ndani ya hewa yenye madhara kwa miaka bila kunusa chochote.

Gesi pia haiishii kwenye chumba cha chuma. Baada ya kutakaswa, plastiki huendelea kuitoa taratibu kwa saa na hata siku kadhaa, kwanza katika vyumba vya kupepea bidhaa, kisha ndani ya maghala. Wasimamizi wa mazingira wa jimbo la Georgia, Marekani, walishangaa kugundua kwamba ghala lililohifadhi bidhaa zilizokwisha kutakaswa mahali pengine lilikuwa nalo likitoa gesi hewani. Hakuna aliyekuwa amefikiria kulipatia kibali, kwa kuwa lilionekana kuwa ghala la kawaida tu.

Somo la Willowbrook

Mfano unaostahili kusomwa kwa makini na mamlaka za mazingira za Nairobi, Kampala, Kigali na Dodoma ni ule wa Willowbrook, kitongoji kilicho magharibi mwa jiji la Chicago. Kampuni ya Sterigenics ilikuwa na kiwanda cha kutakasa vifaa tiba hapo tangu miaka ya 1980, karibu na makazi na shule, na kilifanya kazi kwa vibali halali. Mwaka 2016 shirika la kulinda mazingira la Marekani EPA lilimaliza tathmini mpya ya ethilini oksaidi, na likahitimisha kwamba uwezo wake wa kusababisha saratani ni mkubwa kwa makumi ya mara kuliko ilivyokadiriwa awali. Kiwanda kilikuwa kilekile, na bomba la moshi lilelile. Kilichobadilika ni ujuzi wa kisayansi, na ramani ya hatari ikabadilika nao.

Wakazi walipata habari hizo mwezi Agosti mwaka 2018, baada ya taarifa ya wataalamu wa afya wa serikali kuu kuchapishwa. Maandamano yalifuata. Mwezi Februari 2019 jimbo la Illinois lilikifunga kiwanda kwa muda, na Septemba mwaka huohuo kampuni ikatangaza kwamba haitarudi Willowbrook. Mahakamani, mwezi Septemba 2022, baraza la wazee wa mahakama liliamua kwamba mwanamke mmoja aliyeishi jirani na kiwanda na kuugua saratani ya matiti alipwe dola milioni 363. Miezi miwili baadaye baraza jingine, katika kesi ya pili, liliiona kampuni haina hatia. Januari 2023 Sterigenics ilikubali kulipa dola milioni 408 ili kumaliza madai ya watu zaidi ya 870, huku ikiendelea kukana kwamba kiwanda chake kilihatarisha maisha ya watu.

Kuna upande wa pili wa kisa hicho ambao wanaharakati husahau kuutaja. Mara tu kiwanda kilipofungwa, hospitali za watoto zilianza kukosa aina moja ya mirija inayopitishwa kwenye koo ili mtoto apumue, kwa sababu mtengenezaji wake aliitakasa hapo Willowbrook. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ililazimika kuingilia kati kutafuta mahali pengine pa kuitakasia, na baadaye ikaonya kwamba kufungwa kwa viwanda zaidi kungeweza kuleta uhaba mkubwa wa vifaa. Mtoto wa Willowbrook aliyevuta gesi na mtoto wa hospitali aliyekosa mrija wote walikuwa na haki. Nchi iliyosubiri mpaka wawili hao wagongane ilijikuta haina njia nzuri iliyobaki.

Machi 2024 EPA ilitoa kanuni mpya kwa viwanda takriban 90 vya kutakasa vifaa tiba, ikivitaka vipunguze gesi inayotoka kwa zaidi ya asilimia 90 na kupima hewa mfululizo. Teknolojia ipo wala si ya ajabu. Gesi inaweza kupitishwa katika maji yenye asidi ikageuka kuwa kemikali isiyo na hatari hiyo, au ikapitishwa kwenye kichocheo cha joto ikavunjika kuwa kaboni dioksidi na maji. Lakini Julai 2025 Rais Donald Trump aliviongezea viwanda takriban 40 muda wa miaka miwili wa kuitii kanuni hiyo, kwa hoja kwamba teknolojia haijapatikana vya kutosha na kwamba usalama wa taifa unategemea vifaa hivyo. Kwa wenye viwanda hiyo ilikuwa nafuu. Kwa familia zinazoishi jirani navyo, ulikuwa muda zaidi wa kusubiri.

Kwa Afrika Mashariki hoja si kwamba viwanda visijengwe. Hoja ni wakati. Kufunga mtambo wa kunasa gesi katika kiwanda kinachojengwa sasa ni sehemu ya gharama za ujenzi. Kuufunga miaka thelathini baadaye, makazi yakiwa yamekizunguka kiwanda, ni gharama juu ya gharama, na mara nyingi hufanyika baada ya watu kuugua. Na katika miji ya ukanda huu, kila anayezijua barabara za viwandani za Nairobi, Kampala au Dar es Salaam anafahamu jinsi nyumba, vibanda vya chakula na shule zinavyofuata ajira hadi ukutani mwa kiwanda.

Kibali cha mazingira kwa mradi wowote wa kutakasa vifaa tiba kingepaswa kujibu maswali ambayo hayahitaji maabara ya hali ya juu kuyauliza. Ni kilo ngapi za gesi zitatumika kwa mwaka, na ngapi zitatoka nje? Je, vyumba vya kupepea na maghala vimehesabiwa? Kipimo cha hewa kitawekwa wapi, na nani ataruhusiwa kuyasoma matokeo? Swali la mwisho ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu ripoti za tathmini ya athari kwa mazingira katika nchi nyingi za ukanda huu huandikwa kwa Kiingereza cha kitaalamu, ilhali jirani wa kiwanda ni mvuvi, mama lishe au mwendesha bodaboda.

Njia nyingine zipo, kila moja na mzigo wake. Mionzi ya gama inayotokana na kobalti-60 hutakasa vizuri bila kuacha gesi, lakini kobalti hiyo hutengenezwa katika vinu vichache vya nyuklia, sehemu kubwa nchini Kanada, na nguvu yake hupungua nusu kila baada ya miaka mitano na ushei. Isitoshe, mionzi huifanya plastiki ya polipropilini, ambayo ndiyo mwili wa bomba la sindano, iwe rahisi kuvunjika kama haikuchanganywa na viungo maalumu. Mashine za miali ya elektroni hazihitaji chanzo cha nyuklia, ila zinahitaji umeme usiokatikakatika, na hapo msomaji wa ukanda huu anaweza kutabasamu kidogo. Kwa miaka kadhaa ijayo ethilini oksaidi itabaki.

Moshi nyuma ya zahanati

Alama ya pili ya bomba la sindano wengi wameiona kwa macho yao. Nyuma ya karibu kila kituo cha afya cha vijijini pana tanuri la matofali lenye bomba fupi la moshi, shimo la majivu, na pengine rundo la visanduku vya manjano vya usalama vinavyosubiri kuchomwa. Kisanduku cha lita 5 hubeba mabomba yapatayo 100. Matanuri mengi kati ya hayo ni ya mtindo uliobuniwa katika Chuo Kikuu cha De Montfort, Uingereza, kama njia ya mpito kwa maeneo yasiyo na kitu kingine chochote. Ilikuwa njia ya mpito. Imekuwa ya kudumu.

Ripoti ya WHO ya Februari 2022 inatoa picha ya ukubwa wa mzigo. Dozi bilioni 8 za chanjo ya UVIKO-19 zilizokuwa zimetolewa duniani kufikia wakati huo zilizalisha tani 144,000 za ziada za taka za mabomba, sindano na visanduku. Ukigawanya, ni gramu 18 kwa kila dozi. Wakati huohuo, ripoti hiyo ilisema, asilimia 30 ya vituo vya afya duniani haviwezi kuzimudu hata taka za siku za kawaida, na katika nchi maskini zaidi kiwango hicho ni asilimia 60.

Hatari kubwa ya moshi huu ni dioksini, kemikali ambazo Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 unazitaka nchi wanachama zizipunguze, ukitaja matanuri ya taka za hospitali miongoni mwa vyanzo vyake vikuu. Dioksini huhitaji klorini ili zitokee. Na hapa pana jambo linalostahili kufahamika zaidi kuliko linavyofahamika: mwili wa bomba la sindano, ambao ni polipropilini, hauna klorini. Klorini huja na vitu vinavyotupwa pamoja nalo, hasa mifuko ya damu na mirija iliyotengenezwa kwa plastiki ya PVC, au na desturi ya kuloweka vifaa katika maji ya klorini kabla ya kuvichoma, kwa nia njema ya kuua vijidudu. Kutenganisha taka kwenye chanzo, kazi inayofanywa kwa ndoo tatu za rangi tofauti, kunaweza kupunguza sumu kabla ya fedha yoyote kutumika kwenye mitambo.

Pasipo utenganishaji huo, dioksini hutua ardhini, huokotwa na kuku wanaodonoadonoa, na hurudi mezani. Mwaka 2005, uchunguzi wa mayai ya kuku wa kienyeji waliofugwa karibu na jalala la Dandora jijini Nairobi, ambako taka za kila aina huungua pamoja, ulikuta kiasi cha dioksini kilichozidi kikomo cha Umoja wa Ulaya.

Tanzania imeonyesha kwamba kuna njia nyingine. Pamoja na Ghana, Madagaska na Zambia, ilishiriki katika mradi wa Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa UNDP ulioleta mitambo ya otoklevu hospitalini. Otoklevu hutakasa taka kwa mvuke wa moto na shinikizo, bila kuchoma chochote. Plastiki iliyotoka humo haina tena maambukizi, inaweza kusagwa na, palipo na mnunuzi, kuyeyushwa kuwa ndoo au kiti. Ugumu unaokutwa katika mitambo ya aina hii ni wa kawaida sana katika hospitali za ukanda huu: umeme, maji, vipuri, na fundi aliyefunzwa ambaye hajahamishiwa wilaya nyingine. Mfadhili hufurahia kununua mtambo kuliko kulipia mpira wa mlango wake unapochakaa mwaka wa tatu.

Senti ya ziada

Bomba la sindano linalojifunga huuzwa kwa senti chache za dola. Mnunuzi mkubwa ni UNICEF, kwa niaba ya nchi zinazosaidiwa na muungano wa chanjo Gavi, na ununuzi wake hupima zaidi ubora, usalama kwa mgonjwa na bei. Kiwanda cha Afrika Mashariki kinashindana na vya India na China vinavyozalisha kwa wingi mkubwa zaidi. Kikifunga mtambo wa kunasa gesi na kupima hewa mfululizo, gharama yake inapanda; na mshindani asiyefanya hivyo anachukua zabuni. Mpango wa Gavi wa hadi dola bilioni 1.2 uliozinduliwa mwaka 2024 kuwasaidia wazalishaji wa Afrika umewekwa kwa ajili ya chanjo. Bomba linaloibeba chanjo hiyo halimo.

Ni vigumu kukwepa hitimisho kwamba wanunuzi wakubwa ndio wenye ufunguo. Zabuni ikidai kipimo cha gesi inayotoka kiwandani kama inavyodai kipimo cha ubora wa sindano, wazalishaji wa Kilifi na wa Asia watajikuta katika uwanja ulio sawa. Na ikiwa bei ya kila bomba itajumuisha gharama ya kulishughulikia likishatumika, wilaya haitalazimika kuchagua kati ya mafuta ya gari la chanjo na ukarabati wa otoklevu. Kenya imeuweka msingi wa kisheria wa wazo hilo katika Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022, inayomtaka mzalishaji kuwajibika kwa bidhaa yake hata baada ya kutumika. Kuitumia kwa chupa ya soda ni rahisi. Kuitumia kwa kitu chenye ncha kali na damu, ambacho mnunuzi wake ni serikali yenyewe, kunahitaji kanuni za peke yake, na wizara mbili, ya afya na ya mazingira, zilizokubaliana ni ipi itakayolipa.

Kimataifa, mlango uliotarajiwa umekwama. Mazungumzo ya mkataba wa plastiki, yaliyoanzishwa kwa azimio lililopitishwa Nairobi Machi 2022, yalivunjika bila makubaliano mjini Busan mwishoni mwa mwaka 2024 na tena mjini Geneva Agosti 2025. Katika vikao hivyo, sehemu ya wenye viwanda ilitaka bidhaa za afya ziondolewe kabisa katika mkataba, wakati makundi ya madaktari yalitaka msamaha uwe kwa bidhaa zisizo na mbadala tu. Nchi za Afrika Mashariki, ambazo ni wanunuzi na sasa pia watengenezaji, zina maslahi katika pande zote mbili za ubishi huo. Wakati huohuo, vibali vya viwanda vipya vinaendelea kutolewa na mamlaka za taifa, kimoja kimoja, na kwa kila kibali maswali yale kuhusu kilo za gesi, maghala na vipimo vya hewa yanaweza ama kuulizwa au kuachwa.